Kura ya Mwalimu Elsy

Redio ilipotangaza kwamba Mahakama ya Juu ya nchi imefuta kura mbili za siri zilizopigwa katika bunge la jimbo, na kwamba wabunge wote ishirini na watano warudie kura, safari hii kwa kuitwa jina na kujibu mbele ya watu, Mwalimu Elsy Canul alikuwa jikoni kwa mama yake akimenya machungwa machachu. Kisu kilimponyoka. Akavuta kiti, akakaa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya kulibeba kutwa nzima. Hofu ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni ahueni.

“Umejikata?” mama yake, Bi Socorro, akauliza kutoka kwenye wavu wake wa kulalia.

“Hapana, Mama.”

“Mbona unahema kama ng'ombe mwenye mimba?”

“Joto tu.”

“Joto lipo tangu Mungu aumbe mji huu,” akasema Bi Socorro, akajisukuma kwa kidole cha mguu, wavu ukaendelea kubembea.

Elsy hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha, kisha akawa mkuu wa shule ya msingi huko Tekanché, mji wao mdogo, mwendo wa saa moja kutoka Mérida, mji mkuu wa jimbo. Chama kilimfuata kwa sababu nusu ya wapiga kura wa eneo lile aliwafundisha yeye kushika kalamu, na akashinda bila jasho. Mjini watu waliendelea kumwita Mwalimu, hata baada ya kuwa Mheshimiwa.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Gaspar, mwokaji mikate. Gaspar aliishi nyuma ya duka lake la mikate pamoja na Ariel Chablé, muuguzi wa zahanati, mtu mpole wa maneno machache. Walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na tisa. Hapakuwa na mtu Tekanché asiyejua, na hapakuwa na mtu aliyelisema. Elsy mwenyewe, akimtambulisha Ariel kwa wageni, alizoea kusema, “Huyu ni Ariel, rafiki wa Gaspar,” kisha akageuza mazungumzo.

Kura ya kwanza ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Suala lilikuwa ni kama katiba ya jimbo iruhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Nje ya bunge, upande mmoja wa barabara walijaa watu waliovaa nyeupe, wameshika rozari na maputo. Upande wa pili, watu wenye bendera za rangi za upinde wa mvua, na Gaspar akiwa katikati yao, bado ana unga kwenye nyusi. Ndani, waheshimiwa walibishana asubuhi nzima. Mmoja alisema ndoa ni ya mume na mke tangu enzi za mababu, na si kazi ya bunge kuigusa. Mwingine akajibu kwamba wanaume wawili wa jimbo lile wakitaka kuoana tayari wanaweza, mradi waajiri wakili na kwenda kwa jaji kupigania amri. Je, ni haki mtu mmoja aoe kwa kujaza fomu moja, na jirani yake aoe kwa kesi?

Kisha mbunge mmoja akapendekeza kura iwe ya siri, eti ili kila mtu awe huru na dhamiri yake. Pendekezo likapita. Karatasi zikagawiwa.

Wiki ile, Bi Ligia, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, aliyefundisha na Elsy darasa kwa darasa na kumpigia kampeni nyumba kwa nyumba, alikuja kwake na wenzake wawili. Hawakugomba. Walikunywa kahawa. Walipoondoka, Bi Ligia alimshika mkono akasema, “Hatukulazimishi, Mwalimu. Tunakuombea tu.” Maneno yale matamu yalimwingia Elsy kuliko matusi. Na ofisini kwa chama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba majina ya uchaguzi ujao bado hayajapangwa.

Basi akaandika “hapana,” kwa herufi zile zile za duara alizowafundishia watoto wa darasa la kwanza. Akaikunja karatasi mara nne. Akaitumbukiza sandukuni.

Kumi na watano walikataa, tisa walikubali, mmoja hakuwapo. Alipotoka nje, hata hajajua aelekee wapi, Gaspar akaupasua umati, akamkumbatia, akamlilia begani.

“Angalau wewe, Dada,” akamwambia. “Angalau wewe.”

Elsy alifungua mdomo. Watu wakamzonga, mwingine akampa mkono, mwingine akampiga picha. Akaufunga.

Tangu siku hiyo Gaspar alitembea kifua mbele. Kila mteja aliyeingia dukani aliambiwa: tisa tu ndio waliokuwa na moyo, na mmoja wao ni dada yangu. Kila Jumamosi alimpelekea Elsy mfuko wa mikate mitamu, ile yenye sukari ya waridi juu. Wakati mwingine Elsy alimlisha mbwa wa jirani ile mikate, halafu akajiona mkosaji mara mbili. Kura ikarudiwa mwaka ule ule, tena kwa siri, na tena ikaanguka, na Elsy kwa mara ya pili akaandika neno lile lile, maana sasa alikuwa anaogopa hata hesabu isije ikabadilika watu wakaanza kujiuliza.

Lililomkata maini zaidi lilikuja Januari ya mwaka huu wa elfu mbili na ishirini na moja, Gaspar aliposhikwa na korona. Hospitalini, mlinzi alimtazama Ariel, aliyekuwa bado na sare yake ya uuguzi, akamuuliza, “Wewe ni nani wa mgonjwa?”

Ariel akasita. “Naishi naye.”

“Tunataka ndugu wa damu, au mke.”

“Mke hana.”

Ikabidi Elsy aitwe aje kutia saini. Siku kumi na moja, hospitali ilipiga simu mara moja tu kwa siku, saa saba mchana, na ilimpigia yeye. Yeye ndiye akampigia Ariel. Siku ya sita Elsy alikuwa kwenye kikao cha kamati, simu ikaisha chaji mara tu baada ya hospitali kupiga, naye hakujua mpaka saa kumi. Alipoiwasha alikuta Ariel amepiga mara thelathini na nne. Alipompigia, Ariel hakusema halo. Alisema, “Amekufa?”

“Hapana! Hapana, Ariel, anaendelea vizuri, wamempunguzia oksijeni.”

 Upande wa pili kilisikika kilio cha mtu aliyekaa sakafuni.

Gaspar alipona, akarudi kwenye tanuri lake amekonda kama fimbo. Wala hakuna aliyemlaumu Elsy kwa simu ile. Yeye ndiye hakuweza kuisahau.

Ndiyo maana siku ile jikoni, aliposikia kwamba sanduku limeondolewa, alishusha pumzi. Safari hii hapatakuwa na karatasi ya kukunja.

Jioni yake, mwenyekiti wa chama akapiga simu. “Mwalimu, sasa kila mtu na lake. Muda wenu unakwisha mwisho wa mwezi, chama hakimfungi mtu. Piga unavyotaka.”

Elsy alipokata simu alikaa barazani akatafakari, na kadiri alivyotafakari ndivyo alivyoona jinsi bahati ilivyomwendea. Akisema “ndiyo” mbele ya watu, ndiyo yake itafanana na ile ambayo Gaspar amekuwa akiisifu. Hakuna kiumbe duniani atakayejua. Kiti hakipotezi, maana kimekwisha kwisha. Atapigiwa makofi. Lakini alipofikiria mdogo wake akimkumbatia kwa mara ya pili, akainuka, akaingia ndani.

Siku moja kabla ya kura, saa kumi alasiri, mikate ikiwa inatoka tanurini, aliingia dukani kwa mlango wa nyuma.

“Oo, Mheshimiwa!” Gaspar akamlaki, mikono myeupe mpaka viwikoni. “Kaa, kaa. Si hapo, utageuka andazi. Kesho nakuja na mabango matatu. Ariel ananiambia moja linatosha, nikamwambia, wewe hujui nina dada wa aina gani.”

“Gaspar, acha kukanda kidogo.”

“Kinyunya hakingoji.”

“Kisubirishe.”

Gaspar akaisikia sauti ile, ya mwalimu mkuu akifunga mlango wa ofisi. Akajifuta mikono kwenye aproni.

“Mwaka ule,” Elsy akasema, “sikupiga ndiyo. Nilipiga hapana. Mara zote mbili.”

Gaspar akatabasamu kwanza, kama anayengoja mzaha uishe. Kisha tabasamu likamkauka usoni.

“Rudia.”

“Nilipiga hapana. Niliwaogopa akina Ligia, nikawaogopa chama. Karatasi ilikuwa imekunjwa, nikasema nani atajua.”

“Nilikukumbatia.”

“Ulinikumbatia.”

“Mbele ya watu wote wale. Nikakuletea mikate.”

“Kila Jumamosi.”

“Na ukala!”

“Mingine nilimpa mbwa.”

Gaspar akacheka kicheko kimoja kibaya, cha kukohoa. “Mbwa! Afadhali mbwa, hakuniambia uongo.” Akazunguka meza, akarudi, akashika sinia la mikate ya moto kwa mikono mitupu, akaliachia, likalia sakafuni, mikate ikatawanyika. Ariel akachungulia kutoka chumbani, akiwa anafunga vifungo vya sare.

“Kuna nini?”

“Muulize huyu. Muulize Mwalimu.” Gaspar akamgeukia dada yake. “Kwa nini umeniambia? Eh? Kesho ungesema ndiyo yako, yakaisha. Ningekufa bila kujua.”

“Kwa sababu kesho ungenikumbatia tena.”

Gaspar akafungua mlango wa nyuma. “Nenda nyumbani, Dada,” akasema kwa sauti ya chini. “Nenda, kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha.”

Elsy akaenda. Barabarani jua lilikuwa kali, na machozi yalimtoka bila kwikwi, kama maji ya mfereji uliosahauliwa. Lakini alipofika kwa mama yake aligundua kwamba anatembea wima. Miaka miwili alikuwa akitembea kando kando ya kuta.

Bi Socorro alikuwa amekwisha kupata habari. Tekanché habari haipandi gari, inaruka.

“Kumbe nawe ulisema hapana,” akasema. “Mimi nilidhani upande wetu ni yule wa wilaya ya jirani tu.”

“Mama, nilikufikiria na wewe pia. Nilisema, Mama atawaambia nini watu kanisani?”

“Mimi?” Bi Socorro akainuka nusu kwenye wavu. “Miaka kumi na tisa nafua nyavu za wanaume wawili, naanika kwenye kamba moja. Ulidhani nilipokuwa naanika nilikuwa nafikiria nini? Bei ya sabuni? Usinisingizie woga wako, mwanangu. Woga nilionao ni wangu, na ni mchache.” Akajilaza tena. “Kula. Kuna maharage.”

Kesho yake bunge lilijaa. Watu walikaa mbali mbali kwa ajili ya korona, wamevaa barakoa, na nje sauti za pande zote mbili za barabara ziliingia madirishani. Mbunge mmoja, mzee mwenye sauti nzito aliyekuwa hajabadilika tangu mwanzo, alisimama akasema, “Bunge hili, watu hawa hawa, lilikataa mara mbili. Nawauliza wenzangu: kimebadilika nini? Katiba ni ile ile, ubinadamu ni ule ule. Au tumebadilika kwa sababu tunatazamwa?”

Swali lilikuwa la haki. Elsy akainua mkono, Spika akampa nafasi. Hakuwa ameandika kitu.

“Mheshimiwa anauliza kimebadilika nini,” akasema. “Siwezi kumjibu kwa niaba ya wengine. Mimi ni mmoja wa waliokataa. Nilimwacha mdogo wangu aamini kwamba nilikubali, akanishukuru kwa kitu ambacho sikumfanyia. Mheshimiwa anasema tunabadilika kwa sababu tunatazamwa. Kwangu ni kweli, na naona aibu kusema hivyo. Lakini Januari nilitia saini hospitalini kwa ajili ya mdogo wangu, na mtu aliyeishi naye miaka kumi na tisa alisimama getini akingoja nimpigie simu. Sheria ndiyo iliyomsimamisha pale. Sheria tuliyoilinda sisi, kwa karatasi zilizokunjwa.”

Akakaa.  Hapakuwa na makofi. Mtu mmoja upande wa kulia alisonya, na mwingine akamgusa Elsy bega kutoka nyuma.

Karani akaanza kuita majina, kwa mpangilio wa herufi. Elsy aliitwa mapema.

“Canul, Elsy.”

“Ndiyo,” akasema, kwa nguvu kuliko alivyokusudia, kama anayeitikia mahudhurio.

Majina yaliyobaki aliyasikia kama yanatoka ndani ya kisima. Mwisho Spika akasoma: ishirini wamekubali, watano wamekataa. Nje mlipuko wa sauti ukapanda mpaka vioo vikatikisika. Elsy akaivuta barakoa chini ya pua, kinyume cha kanuni, akavuta hewa.

Alipotoka akamtafuta Gaspar kwa macho. Bendera, ngoma, watu wanaorukaruka, msichana analia akiongea na simu, Gaspar hayupo. Akasimama kwenye ngazi, akijiambia kwamba alistahili. Ndipo akamwona Ariel, na sare yake na mkoba wa kazini, anapanda ngazi mbili mbili.

“Amekataa kuja,” Ariel akasema kabla hajaulizwa. “Amesema akija atakuzaba kibao mbele ya kamera.”

“Ana haki.”

“Lakini redio aliiwasha. Alivyokusikia unaongea, alizima tanuri. Huyo mtu hazimi tanuri hata kukiwa na kimbunga.” Akavua miwani iliyokuwa imejaa ukungu, akaifuta. Macho yake yalikuwa mekundu. “Mimi nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe, Mwalimu. Ile siku ya simu… mimi sijawahi kukulaumu. Ulikuwa huna namna.”

“Nilikuwa nayo,” Elsy akasema. “Nilikuwa nayo tangu ile kura ya kwanza, shemeji.”

Neno lilitoka lenyewe. Ariel akaduwaa kidogo, kisha akaanza kucheka, akicheka huku analia, na watu wakawapisha wakidhani ni mume na mke waliogombana wakapatana.

Gaspar alikaa na hasira yake siku tatu kamili. Siku ya nne asubuhi akasimama mlangoni kwa Bi Socorro, kofia mkononi.

“Nimekasirika mpaka nimechoka,” akasema. “Nimekanda hasira, nimeoka hasira, wateja wanalalamika mikate migumu. Lakini nina swali. Miaka miwili nimekusifu kwa kila mtu mji huu. Sasa nizunguke nyumba kwa nyumba nikikanusha?”

“Nitazunguka mwenyewe.”

“Utazunguka?”

“Leo hii.”

Na kweli alizunguka. Alianzia sokoni, kwa wauza nyanya, akaingia kwa kinyozi, akapita kwa mwuza nyama. Wengine walikuwa wamekwisha kumsikia redioni. Mmoja alimwambia ni mnafiki, akakubali. Mwingine alimwambia angebaki na hapana yake, angalau ile ilitoka moyoni, huyo Elsy alimjibu, “Haikutoka moyoni, ndugu yangu. Ilitoka tumboni.” Kwa Bi Ligia alikaribishwa, akapewa kahawa. Bi Ligia hakuacha msimamo wake, alisema wazi kwamba jimbo limekosea na kwamba ataendelea kusali. Ila alipomsindikiza mlangoni alisema, “Ungeniambia tu unaogopa, Elsy. Ningekuombea hilo pia.” Elsy hakujua acheke au alie, akambusu shavuni.

Saa sita mchana alirejea, viatu mkononi, miguu imevimba. Gaspar alikuwa bado pale barazani, anamkuna mama yao mgongo.

“Umemaliza?”

“Nimebakiza mtaa wa makaburini.”

“Hao hawasemi na mtu,” Gaspar akasema. “Kaa.” Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi. Hakumkumbatia. Walikaa bega kwa bega, mpaka Bi Socorro akasema mkono wa Gaspar umeacha kukuna na yeye hakuuambia uache.

Gaspar na Ariel walioana Jumamosi moja kabla ya mwaka kwisha, kwenye ofisi ya usajili ya Tekanché. Hapakuwa na wakili wala jaji. Msajili, kijana aliyewahi kupigishwa magoti na Mwalimu Elsy kwa kuchora ukutani, alikosea kuandika jina la Chablé mara mbili, akaomba radhi akasema hii ni ya kwanza yake. Ilimalizika kwa dakika kumi na tano. Gaspar akaishika karatasi ile kwa pembe, kama sinia la moto, akaisoma kimoyomoyo, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akamuuliza Ariel, “Ni hii tu?”

“Ni hii tu.”

“Miaka kumi na tisa kwa ajili ya hii tu!” akasema, akamshika Ariel usoni kwa mikono miwili.

Chakula kilikuwa nyuma ya duka: nyama ya nguruwe iliyoivia ardhini ndani ya majani ya ndizi, na vitunguu vyekundu, na keki ya ghorofa nne ambayo bwana harusi aliioka mwenyewe kwa kukataa kumwamini mtu. Kabla ya dansi mvua ikashuka, watu wakakimbiza viti ndani wakigongana na kucheka. Elsy alisaidia kubeba meza mbili. Halafu akaona wavu mtupu umetundikwa kwenye kona ya chumba, akavua viatu, akasema atajinyoosha dakika moja tu.

“Mwamsheni, keki inakatwa,” mtu akasema baadaye.

“Mwacheni,” akajibu Gaspar. “Mwacheni alale. Nitamwekea kipande.”